Las Vegas Aces 2018: Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu msimu wa kwanza baada ya kuhama San Antonio

Wengi waliifahamu Aces, timu ya kikapu ya wanawake ya Las Vegas, ilipoanza kubeba makombe, na wanapogeuka kuangalia ilikotoka wanakuta mambo yanayowachanganya: timu "mpya" yenye historia ya miaka ishirini, chipukizi bora asiyeingia mchujo wa kuwania ubingwa, mechi iliyoamuliwa mezani. Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara. Kila jibu linajitegemea. Palipo na maelezo zaidi, utaelekezwa kwa namba.

## Timu ilitoka wapi

1. Las Vegas Aces ilianzishwa mwaka gani hasa?

Jina la Aces lilitangazwa tarehe 11 Desemba 2017, na mechi ya kwanza ya ligi kwa jina hilo ilichezwa tarehe 20 Mei 2018. Lakini klabu yenyewe ina umri sawa na WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani. Ilizaliwa Salt Lake City mwaka 1997 ikiitwa Utah Starzz, ikiwa moja ya timu nane zilizofungua ligi hiyo. Mwaka 2003 ikahamia San Antonio, Texas, na kuitwa Silver Stars. Mwaka 2014 neno "Silver" likaondolewa, ikabaki Stars.

Kwa hiyo Las Vegas ni mji wake wa tatu. Anayesema Aces ilianza 2018 anazungumzia jezi tu.

2. Kwa nini iliondoka San Antonio?

Iliuzwa. Mmiliki wake alikuwa Spurs Sports & Entertainment, kampuni ileile inayomiliki San Antonio Spurs ya NBA, ligi ya wanaume. Tarehe 17 Oktoba 2017 ilitangazwa kwamba MGM Resorts International, kampuni ya hoteli na kasino, inainunua na kuipeleka Las Vegas. Katika michezo ya kulipwa ya Marekani timu ni mali yenye kibali cha ligi. Mwenye mali akiuza, na ligi ikaridhia, timu hufunga virago, hata kama mashabiki wameshona bendera zake kwa miaka kumi na tano.

Ni kweli uwanjani hali ilikuwa mbaya. Mwaka 2016 Stars walishinda mechi 7 wakafungwa 27. Mwaka 2017 walipoteza mechi 14 mfululizo kabla ya kuonja ushindi, wakamaliza na 8 kwa 26. Lakini huwezi kuwaambia watu wa San Antonio kwamba timu yao iliondoka kwa sababu ya kufungwa. Las Vegas ilipatikana kwa sababu yupo aliyeitaka Las Vegas.

3. San Antonio waliwahi kufanya lolote la maana?

Sana, na swali hili huulizwa kwa namna inayowadharau. Mwaka 2008 walimaliza msimu wa kawaida wakiwa na 24 kwa 10 na wakafika fainali, walikofungwa na Detroit Shock 3–0. Nyota wa kikosi kile alikuwa Becky Hammon, mlinzi mfupi mwenye macho ya kuona pasi kabla haijazaliwa. Aliichezea San Antonio tangu 2007 hadi alipostaafu 2014, na jezi yake namba 25 ikastaafishwa huko mwaka 2016.

Kabla yake alikuwepo Margo Dydek wa Poland, senta mwenye urefu wa mita 2.18, aliyeteuliwa wa kwanza na Utah katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 1998 na kuhama na timu kwenda Texas. Dydek alifariki mwaka 2011. Ukiangalia kumbukumbu za klabu ya Las Vegas leo, majina haya yamo humo kihalali.

4. "Aces" maana yake nini?

Ni ile karata ambayo wacheza karata wetu huiita ree. Kwa mji wa kasino hakuna jina lililo karibu zaidi na barabara yake.

5. Walicheza uwanja gani?

Mandalay Bay Events Center, ukumbi wa watu wapatao 12,000 ulio ndani ya eneo la hoteli ya Mandalay Bay. Tangu 2021 unaitwa Michelob Ultra Arena.

Kuna jambo wageni hawalikumbuki. Tarehe 1 Oktoba 2017 mtu mwenye silaha alifyatua risasi kutoka vyumba vya hoteli hiyohiyo na kuua watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki ng'ambo ya barabara. Ni mauaji makubwa kuliko yote yaliyowahi kufanywa na mfyatuaji mmoja katika historia ya sasa ya Marekani. Siku kumi na sita baadaye ndipo ununuzi wa timu ulipotangazwa. Mabinti hawa walikuja kucheza katika mji uliokuwa ukizika, tena mlangoni pa jengo lenyewe. Golden Knights wa mpira wa magongo ya barafuni, walioanza msimu wao wa kwanza wiki ileile ya msiba, walikuwa wameshauonyesha mji kwamba timu ya nyumbani inaweza kuwa mahali pa kukutania na kulia pamoja. Aces waliikuta njia hiyo imeshafunguliwa.

## Kikosi na kocha

6. Wachezaji wote wa San Antonio walihama na timu?

Mikataba huhama na klabu. Mchezaji aliyesaini San Antonio alijikuta ni wa Las Vegas bila kusaini tena. Hivyo Kayla McBride, Kelsey Plum, Moriah Jefferson, Dearica Hamby na Nia Coffey walikwenda Nevada. Mkataba wa pamoja kati ya ligi na wachezaji uliitaka timu iwapatie nyumba, kwa hiyo hakuna aliyeachwa atafute chumba mwenyewe.

Usidhani lakini kwamba waliishi kitajiri. Mwaka 2018 mshahara wa juu kabisa WNBA ulikuwa dola 115,500, na aliyeteuliwa namba moja, A'ja Wilson, alilipwa karibu dola 52,500 kwa msimu. Wengi walikuwa wakimaliza ligi wanapanda ndege kwenda kucheza Ulaya, Uturuki au China.

7. A'ja Wilson alipatikanaje?

Kwa kufungwa kule kwa San Antonio. Timu zisizoingia mchujo hupigiwa kura ya bahati kupanga nani atateua kwanza, na uzito wa kura ulipimwa kwa matokeo ya misimu miwili. Stars walikuwa na jumla ya ushindi 15 na vipigo 53. Hakuna aliyestahili bahati kuliko wao, na bahati ikawaangukia.

Tarehe 12 Aprili 2018 wakamchukua Wilson wa Chuo Kikuu cha South Carolina, bingwa wa vyuo wa mwaka 2017 chini ya kocha Dawn Staley. Mwaka mmoja kabla, nafasi hiyohiyo ya kwanza ilikuwa imemleta Plum, na mwaka 2016 nafasi ya pili ilimleta Jefferson. Haya ndiyo ninayotaka yaeleweke kuliko yote katika ukurasa huu: mbegu ya makombe ya Las Vegas ilipandwa San Antonio, na waliolipia mbegu ni mashabiki waliokaa vitini wakitazama vipigo 53. Mavuno hawakuyala.

8. Kocha alikuwa nani?

Bill Laimbeer, aliyepewa pia urais wa shughuli zote za kikapu za klabu. Akiwa mchezaji alibeba ubingwa wa NBA mara mbili na Detroit Pistons, 1989 na 1990, akiwa senta asiyependwa popote nje ya Detroit kwa ubabe wake. Akiwa kocha aliipa Detroit Shock ubingwa wa WNBA mwaka 2003, 2006 na 2008.

Soma tena jibu la 3. Aliyewanyima San Antonio kombe lao la 2008 ndiye aliyekabidhiwa timu yao ilipong'olewa. Na kocha wa San Antonio katika fainali ile, Dan Hughes, mwaka 2018 alikuwa akiifundisha Seattle Storm, waliokuja kuwa mabingwa wa msimu huohuo.

9. Kulikuwa na mchezaji wa nyumbani, mzaliwa wa Las Vegas?

Ndiyo, Sequoia Holmes. Alisoma chuo cha UNLV hapohapo mjini, akacheza Houston Comets mwaka 2008, na Comets ikavunjwa baada ya msimu ule. Alirudi WNBA miaka kumi baadaye kwa sababu ligi ilimfuata mjini kwao. Katika hadithi ambayo mara nyingi ni ya watu kupoteza timu, huyu timu ilimjia.

Mgeni wa mbali kabisa kikosini alikuwa Park Ji-su, senta wa Korea Kusini mwenye miaka 19 tu.

## Msimu wenyewe

10. Kwa kifupi, msimu wa 2018 uliishaje?

Ushindi 14, vipigo 20, nafasi ya tisa kati ya timu kumi na mbili. Nane ndizo ziliingia mchujo. Dallas Wings walichukua nafasi ya mwisho kwa 15 kwa 19. Wilson alikuwa na wastani wa pointi 20.7 na ribaundi 8.0 (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa kikapu), akachaguliwa Mchezaji Chipukizi Bora kwa kura zote. Yeye na McBride waliitwa kwenye mechi ya nyota wote kule Minneapolis.

Kwa timu iliyotoka na ushindi 8, kufika 14 ni hatua ndefu. Jedwali halikuonyesha hivyo kwa sababu jedwali linajua kuingia na kutoingia tu.

11. Mechi ya kwanza ilikuwaje?

Mbaya. Tarehe 20 Mei, ugenini kwa Connecticut Sun, walichapwa 101–65. Sun nao ni timu iliyohama: walikuwa Orlando Miracle hadi Mohegan, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, lilipoinunua na kuipeleka kwenye kasino yake ya Uncasville mwaka 2003. Kwa hiyo timu ya kasino ilianza maisha kwa kufungwa na timu ya kasino.

Wiki moja baadaye, tarehe 27 Mei, Las Vegas iliona mechi yake ya kwanza ya nyumbani, dhidi ya Seattle. Walifungwa tena, lakini safari hii walicheza. Walioziona mechi zote mbili waliona tofauti kubwa kuliko matokeo yalivyosema: kikosi kilikuwa kimeanza kumtafuta Wilson karibu na kikapu badala ya kupasiana kwa hofu nje ya mstari wa pointi tatu.

12. Kwa nini watu husema ratiba ya 2018 ilikuwa ya kuua?

Kwa sababu Kombe la Dunia la wanawake lilikuwa Septemba kule Tenerife, Hispania, na ligi ililazimika kumaliza msimu wa kawaida tarehe 19 Agosti. Mechi 34 zikabanwa katika miezi mitatu. Kila timu iliumia, lakini iliumia zaidi ile iliyokuwa bado inajifunza njia ya kutoka nyumbani hadi mazoezini. Hili ndilo linalotufikisha kwenye swali linaloulizwa kuliko yote.

## Mechi ya Washington

13. Ni kweli Aces walikataa kucheza?

Ni kweli hawakucheza. Mechi ilipangwa Ijumaa, tarehe 3 Agosti 2018, dhidi ya Washington Mystics. Timu ilianza safari Alhamisi. Ndege zikachelewa, nyingine zikafutwa, wakakwama njiani Dallas usiku kucha. Walipofika Washington ilikuwa mchana wa siku ya mechi, baada ya zaidi ya saa 25 za viwanja vya ndege na viti vya ndege. Ligi ilisogeza mechi kwa saa moja, hadi saa mbili usiku. Wachezaji walikaa, wakazungumza, wakasema miili yao haiko salama kucheza.

Tarehe 7 Agosti ligi iliwapa Mystics ushindi wa mezani. Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya WNBA.

14. Kwa nini hawakukodi ndege yao?

Haikuruhusiwa wakati ule. Timu zote zilitakiwa kusafiri kwa ndege za abiria wa kawaida, ili klabu tajiri isiwazidi wengine kwa kununua usingizi mzuri. Nia inaeleweka. Matokeo yake ni kwamba wanawake wenye urefu wa karibu mita mbili walilala sakafuni kwenye viwanja vya ndege, kisha wakatakiwa waruke kugombea ribaundi.

Ndege za kukodi kwa timu zote zilikuja mwaka 2024, ligi ilipotenga dola milioni 25 kwa mwaka. Miaka sita baadaye.

15. Walikosea?

Hapa nina msimamo. Hawakukosea. Mchezaji wa kikapu hutua kwa mguu mmoja mara kadhaa katika kila robo ya mechi, na mguu uliovimba kwa kukaa siku nzima hautui vizuri. Goti likichanika, mchezaji anayelipwa dola elfu hamsini hupoteza msimu wa hapo, na pia ule wa ng'ambo unaomlipa zaidi (tazama jibu la 6). Walijua wanakimbizana na Dallas. Walijua mechi moja ni mali. Wakachagua hivyo hivyo, kwa pamoja, wakiwamo chipukizi waliokuwa na kila sababu ya kuogopa.

Anayesema "wangecheza tu" namwomba akae saa 25 kwenye kiti cha nyuma, kisha amkabe Elena Delle Donne, nyota wa Washington.

16. Basi mechi hiyo ndiyo iliyowanyima mchujo?

Hesabu inavutia: walizidiwa na Dallas kwa mechi moja tu. Lakini ili hoja isimame lazima kwanza wangeifunga Washington ugenini, na Washington ile ilifika fainali. Pili, kura ya mwisho ilipigwa uwanjani. Tarehe 17 Agosti Aces walikwenda Dallas kwa mechi iliyokuwa ya kufa na kupona, na Liz Cambage, senta wa Australia, akawafunga pointi 43 peke yake. Dallas wakafuzu usiku ule.

Na Dallas Wings ni nani? Ni Detroit Shock ya zamani, iliyohamia Tulsa mwaka 2010 na kisha Dallas mwaka 2016. Laimbeer alifungiwa mlango na timu yake mwenyewe, ikiwa na jina jingine na mji mwingine.

## Kilichofuata

17. Ilichukua muda gani hadi kombe?

Miaka minne. Mwaka 2019 walimteua Jackie Young wakiwa na nafasi ya kwanza tena, wakamsajili Cambage yuleyule kutoka Dallas, Jefferson akiwa miongoni mwa waliokwenda upande wa pili, wakashinda mechi 21. Mwaka 2020 walifika fainali wakafungwa na Seattle, na Wilson akawa mchezaji bora wa ligi. Mwaka 2021 Mark Davis, mmiliki wa Raiders, timu ya futiboli ya Kimarekani ya mji huohuo, aliinunua klabu kutoka MGM. Ubingwa ukaja 2022, ukarudiwa 2023, na wa tatu ukapatikana 2025.

18. San Antonio ilisahaulika?

Si kabisa, na hili lanifurahisha. Mwaka 2021 Aces waliipandisha jezi namba 25 ya Becky Hammon ukumbini Las Vegas, mji ambao hakuwahi kuuchezea kama timu ya nyumbani. Siku ya mwisho ya mwaka huohuo alitangazwa kuwa kocha mkuu, akichukua nafasi ya Laimbeer aliyemfunga 2008. Makombe yote matatu ya klabu yamekuja chini yake.

Shabiki wa San Antonio aliyemwona Hammon akilikosa kombe kule Texas na kulipata Nevada ana haki ya kushangilia na ana haki ya kununa. Vyote viwili ni vya kweli.

## Maswali ya pembeni

19. Mechi za nyumbani za Aces ni saa ngapi kwetu?

Msimu wa ligi, Las Vegas iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa kumi. Mechi ya saa moja usiku kule ni saa kumi na moja alfajiri ya kesho yake Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Bujumbura, Kigali, Goma na Lubumbashi ni saa kumi alfajiri. Muscat ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukiamka kuswali au kuchemsha chai, washa na kikapu.

20. Kwa nini takwimu za Wilson za 2018 zinaonyesha mechi 33 wakati msimu ulikuwa wa mechi 34?

Hakukosa mechi hata moja iliyochezwa. Mechi ya Washington (jibu la 13) inahesabiwa kwenye msimamo wa timu kama kipigo, lakini kwa kuwa mpira haukurushwa hakuna mchezaji aliyeandikiwa chochote. Kwa hiyo rekodi ya Aces ya 14 kwa 20 ina vipigo 19 vya uwanjani na kimoja cha mezani.